Kiboko Alivyopanda Mlima Kufuata Cheo

— Ngano yangu ipo mlangoni!
— Iingie!
— Imekuja na usingizi!
— Iingie nao!

Haya, jinyoosheni mkekani, fumbeni macho mkitaka, ila msinikoromee. Wewe shemeji Sefu ndiyo kabisa. Unashinda kwa fundi baiskeli ukitazama watu wakipigana ngumi na mateke kwenye televisheni, halafu unabishana nani bingwa na nani si bingwa. Leo nakuletea wapiganaji wangu. Nyamaza uwasikie.

Hapo kale wanyama wote walikuwa wapiganaji. Walipigana kila namna: ngumi, mateke, ngwara, kabali, na kung'ata kuliruhusiwa mradi usimeze. Na cheo cha mpiganaji hakikuwa cha kujisifia tu. Kiangazi kikiingia bwawa lilibaki moja, na watu wa mpiganaji wa kwanza ndio walioshuka kunywa kwanza, kisha wa yule wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wa kwanza walikunywa maji. Wa mwisho walikunywa tope.

Aliyepanga vyeo ni Kiboko. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia bwawa, alitoa kichwa majini, pfuuu! akauliza:

"Wa kwanza nani?"

"Wewe, bwana mkubwa!"

"Wa pili nani?"

"Mamba, mkweo!"

"Wa tatu nani?"

"Ngiri, anayekukuna mgongo!"

Na huyo Ngiri, wallahi, alikuwa hajampiga hata nzi.

"Wa mwisho nani?"

"Wa mlimani wote, bwana mkubwa!"

Sasa kule mlimani aliishi Nyegere, mfupi, mkali kama pilipili. Nyegere alimpiga Fisi, puu! Alimpiga Chui, puu! Alimpiga hata Nyati, na mlima mzima uliona. Akashuka kudai cheo chake.

"Ulipigana wapi?" Kiboko akauliza.

"Mlimani, juu ya mwamba."

"Pambano lisilopigwa kwenye tope langu si pambano. Ingia humu tupigane."

Nyegere akaingia. Tope likamfika magotini. Tope likamfika kifuani. Tope likamfika masikioni. Ndugu zake wakamvuta kwa mkia, chomoo! Kiboko alikuwa hajamgusa hata kidogo. Watu wa mlimani wakarudi kwenye zamu yao ya mwisho.

Miongoni mwao alikuwemo Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba, anayejiviringisha akiguswa. Alikuwa na watoto wachanga. Watoto wakanywa tope, wakalia matumbo, wakanywa tena kwa kuwa hakukuwa na kingine. Mmoja wao akaanza kulegea shingo. Mama mtu akamtazama, roho ikamuuma, akasema, "Huyu atakunywa maji, au sitaitwa mama."

Alfajiri akateremka ndani ya ukungu, taratibu, kacha, kacha, kacha.

"Hodi bwawani! Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Kama ni maji, zamu yenu bado."

"Si maji, bwana. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya cheo chako kule kwetu. Nasi tunapanga vyeo. Wa kwanza Nyegere, wa pili Nyati... wewe bwana umekuwa wa mwisho. Nyuma ya Kobe."

"Nyuma ya nani?"

"Ya Kobe. Mimi niko mbele yake."

Usingizi ukamruka Kiboko. Ukubwa wa bwawa zima alikuwa nao, lakini tamaa hiyo! "Nani kanipiga mimi hata niwe wa mwisho?"

"Hakuna. Hujapigana kwetu, basi huhesabiki. Sheria yenyewe tumejifunza kwako."

"Nitapanda! Nipigane na nani?"

"Na mimi hapa."

Kiboko akacheka mpaka bwawa likapiga mawimbi. Kalunguyeye akangoja amalize.

"Ila bwana, ukinipiga watasema pambano la mlimani si pambano. Utakuwa umepanda bure. Labda utangaze kwanza. Tena usitangaze la leo peke yake, watu wana maneno, watasema umelizua kwa faida yako."

Kiboko akapaza sauti, bwawa zima likamsikia: "Sikieni! Pambano la mlimani ni pambano! La leo, la jana na la zamani!"

Wakapanda. Kiboko tii, tii, tii. Kalunguyeye kacha, kacha, kacha. Walipofika mwambani jua lilikuwa utosini. Wakachora duara kwa majivu. Atakayetoka nje ya duara amepigwa.

Kalunguyeye akaingia, akajiviringisha, akalala. Ndiyo, alilala! Alikuwa amekesha na mtoto.

Kiboko akamng'ata, ng'wa! Miiba ikamchoma mdomo. "Uwii!" Akampiga teke, pa! "Uwii!" Akamkalia, jamani, akamkalia! "Uwiii mama yangu!" Akarudi nyuma, akasimama, akangoja huyu mtu aamke.

Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikabana, ikaanza kupasuka. Kule chini bwawa lilionekana dogo, la buluu, limetulia. Upepo ukaja na harufu ya magugu maji. Kiboko akalitazama. Macho yakawa mazito. Akaona maji yanapanda mlima kumfuata, polepole, yanamlamba kwato, yanamfika tumboni, baridi, laini. Akaota hivyo amesimama, macho wazi. Miguu ikaanza kwenda yenyewe. Hatua. Hatua nyingine. Akavuka majivu, akashuka mteremko huku anatabasamu, mpaka bwawani, chubwiii!

Hapo ndipo alipozinduka, watu wote wa mlimani wako nyuma yake wanashangilia.

Na kule juu Kalunguyeye akafumbua jicho. "Tumeanza?" akauliza.

Kiboko hakuweza kuyameza maneno yake, yalikwishasikika. La leo lilihesabika, na la jana, na la zamani. Ngumi zote za Nyegere zikahesabika.

Najua, Sefu, unataka kusema aliyempiga bingwa ndiye bingwa. Hata watu wa bwawani walimwambia hivyo. Kalunguyeye akakataa. "Mimi nilikuwa nimelala. Nyegere alikuwa macho siku zote, hamkumwona tu. Wa kwanza ni yeye."

Asubuhi yake watu wa mlimani wakashuka mbele ya wote. Kalunguyeye akamtua mtoto wake ukingoni. Mtoto akanywa, akanyanyua shingo, akanywa tena. Kisha akaacha, akainama, akayatazama maji.

"Mama, kuna mtoto mle ndani. Ananiangalia."

"Ni wewe, mwanangu."

Hakuwa amewahi kujiona. Kwenye tope hakuna anayejiona.

Basi fundisho mnalijua: enyi wapiganaji, jitahidini, tokeni jasho, kwa maana usingizi haujampa mtu ushindi hata siku moja. Nanyi wakubwa, msitangaze haki mpaka muwe na hakika mtashinda.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyokukolea ondoka nayo, iliyokukera iache mkekani nitailalia mwenyewe. Na mtu amwamshe Sefu.