Mtoto wa Zaituni na Herufi Iliyojiandika

Sogeeni mnisikie, na mwenye pupa ya kujibu aume ulimi kwanza, maana kisa hiki kimeshawagombanisha watu wenye akili kuliko nyinyi na mimi.

Mjini Tanga walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Saumu, fundi wa kompyuta mwenye kibanda Ngamiani. Mafundi wenye mikono mizuri wako tele, lakini Saumu alikuwa na jambo ambalo wenzake hawana: akigundua amekosea, husema nimekosea, kisha huanza upya bila kununa. Wa pili ni Bi Mwanakombo, mshona kofia. Ana miaka sitini na mitatu na miwani haijui, na huhesabu vitundu vya kofia kwa macho matupu huku anakupa habari za mtaa mzima. Wa tatu ni Hidaya, sonara aliyerithishwa kazi na baba yake. Siku moja jirani alikuwa akibomoa ukuta, karakana nzima inatetemeka, na Hidaya alilehemu mkufu mwembamba kama unywele bila mkono kucheza.

Basi alikuwapo na Zaituni, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mimba ya miezi minane. Alikuwa akisoma chuo kikuu kwa masafa, mwaka wa tisa huo. Mimba ya kwanza aliahirisha masomo, ya pili akaahirisha tena. Safari hii chuo kilimwandikia barua kwamba tasnifu yake, pamoja na masahihisho yote, ifike Ijumaa saa kumi jioni; isipofika, jina lake linafutwa. Zaituni aliibandika barua ile ukutani juu ya kitanda na kuapa kwamba harudi nyuma mara ya tatu.

Jumamosi, siku sita kabla, kompyuta yake ikaanza kuandika herufi m. Hakuna aliyeigusa. Akitaka kuweka neno la siri ili afungue, m zinajaza kisanduku mpaka pomoni. Akachomeka kibodi ya pembeni, m zikaendelea kama kawaida. Na tasnifu ilikuwa mle mle, kwa kuwa zile mashine nyembamba hifadhi yake imelehemiwa ndani, haichomoki. Flashi yenye nakala mwanawe wa pili alishaizika uani, na hakumbuki wapi. Mama mkwe akasema ni husuda. Ubani ukafukizwa, Zaituni akasubiri moshi uishe, akaibeba kompyuta yake kwenda kwa Saumu.

Saumu aliitazama akasema kibodi imekufa, akaweka mpya. M zikarudi. Jumatatu akasema hata hiyo mpya ni mbovu, akaweka nyingine, na m zikarudi vilevile. Siku tatu zikawa zimepotea. Fundi mwingine angesema nunua kompyuta mpya, mama, wakati umefika. Saumu yeye Jumanne asubuhi alimwita Zaituni, akaifungua mashine mbele yake, akachomoa kabisa mkanda unaounganisha kibodi, na kibodi yenyewe akaiweka juu ya kabati. Kisha akaiwasha.

Kibodi juu ya kabati, mikono yao mapajani, na kwenye kioo m zinaandamana.

"Nimekosea, mwalimu," Saumu akasema. "Siku tatu nimekuwa nikimtibu asiyeumwa. Ugonjwa uko kwenye madabodi."

Madabodi ndiyo ule ubao mkuu unaobeba viungo vyote vya kompyuta. Zaituni alipoona ni huko, machozi yalimlenga, lakini alijifuta kwa ncha ya kanga akasema neno ambalo ndilo lililotuleta hapa. Mtoto wake wa kwanza alipewa jina na upande wa mume, wa pili na upande wake. Huyu wa tatu jina ni la kwake mwenyewe kulitoa. Akaliahidi mbele ya watu wote waliokuwa kibandani. "Atakayeifungua mashine hii kabla ya Ijumaa saa kumi, mtoto wangu akiwa wa jinsia yake, atachukua jina lake."

Msilichukulie jambo hilo kuwa dogo. Katika ukoo wa Zaituni, somo wa mtoto ndiye humpakata siku ya saba akinyolewa nywele, na tangu hapo mtoto ana mama wa pili mpaka kufa.

Saumu aliukagua ubao ule kutwa, akaupangusa kwa spiriti kila alipopaona pana uchafu, asipate kitu. Jumatano Zaituni alirudi, safari hii akisindikizwa na jirani yake Bi Mwanakombo, kwa kuwa tumbo lilikuwa zito na njia ni ndefu. Bibi akaomba aone. Aliinama pale mkanda wa kibodi unapoingia, kwenye soketi yenye vijiguu thelathini vilivyobanana, akaziacha habari zake za mtaa katikati. Kisha akaelekeza ncha ya sindano.

"Hapa, mwanangu. Chini ya plastiki. Kuna kutu ya kijani imeshika miguu miwili."

Saumu akatazama kwa kioo cha kukuzia, na kweli akaiona. Miguu miwili ikishikana, kompyuta hudhani kuna kidole kimebonyeza herufi na hakijaondoka. Spiriti isingefika kule chini. Ilikuwa lazima soketi ing'olewe nzima, isafishwe, irudishwe mguu kwa mguu. Kifaa cha kulehemia cha Saumu kilikuwa kinene mno, na akikosea tena hakuna Ijumaa.

Akaenda kwa Hidaya. Hidaya alikuwa na bangili za bibi harusi mkononi, akauliza swali moja tu: ile habari ya jina ni kweli? Akaambiwa ni kweli. Akaziweka bangili kando.

"Sikufichi, dada," akamwambia Saumu. "Ningekuwa sikuisikia ahadi hiyo, ningekwambia nina kazi. Lakini sina mtoto wala mdogo wangu. Nikifa, jina langu limezikwa na mimi."

Alhamisi kutwa alifanya mazoezi kwenye ubao mbovu. Akaharibu soketi nne, ya tano ikatoka salama. Ijumaa asubuhi akaing'oa ya Zaituni, Saumu akasugua kutu yote, Hidaya akairudisha miguu yote thelathini. Saa sita mashine ikawashwa. Kisanduku cha neno la siri kilikuwa cheupe, kinasubiri. Zaituni alikaa chini na tumbo lake, akaandika masahihisho bila kuinua kichwa hata kunywa maji, na tasnifu ikaondoka saa kumi kasoro dakika saba.

Siku kumi na mbili baadaye alijifungua binti.

Siku ya saba ya mtoto, mkeka ukatandikwa, wanawake watatu wakaketi. Saumu akasema kwamba bila yeye wangekuwa bado wananunua kibodi. Hidaya akasema kuujua ugonjwa si kuuponya, na mkono ulioponya ni huu. Watu wakawatazama, kisha wakaanza kumtazama Bi Mwanakombo, mkubwa wao, ambaye hajadai chochote. Mama mkwe akasema basi apewe mtu mzima, yaishe.

Bi Mwanakombo akatikisa kichwa.

"Mimi niliona kwa sababu nilijua pa kutazama," akasema. "Chai ya tangawizi iliyoingia mle ni yangu. Zaituni aliniachia mashine kwangu akaenda kliniki, nikaimwagia, nikaifuta, nikanyamaza zaidi ya mwezi. Hata ubani ulipofukizwa, nilikuwapo na nikanyamaza."

Angefunga mdomo wake dakika moja zaidi, mtoto angekuwa wake. Saumu akainamisha macho. Hidaya akasema hapo sasa hakuna tena maneno. Lakini mume wa Zaituni, aliyekuwa mlangoni, akasema taratibu kwamba wazee walisema mchawi mpe mtoto akulelee.

Zaituni amemshika binti yake. Mmoja alikosea akarudi nyuma, mmoja aliharibu akakiri, na mmoja hakukosea popote ila alikuja kwa ajili ya jina. Mtu asiniambie apewe majina matatu: siku ya saba mtoto hupakatwa kwenye mapaja ya mtu mmoja.

Kinyozi ameshanoa wembe, mtoto ameanza kulia. Haya, nyinyi mliokaa hapa: Zaituni amkabidhi nani?