Mkeka wa Mzee Lugusha

Mkeka hutangulia kitanda. Mmeisikia leo kwa yule mama aliyemzuia mwanawe kupakia vyombo, mkacheka, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ina siku yake ya kuzaliwa, na siku hiyo ilikuta mkokoteni uko njiani tayari.

Ulikuwa umeyaacha mashamba ya karanga, unaingia Tabora mjini. Juu yake kitanda cha mninga kimelala kichalichali, miguu minne ikitazama mbingu. Magoha, mwenye mkokoteni, alisukuma huku akiguna. Nyuma yake walifuata wawili: Kalunde, mshona mapazia, na baba yake, Mzee Lugusha, aliyebana mkeka kwapani na kukataa katakata usipakiwe.

Walikwenda kama watu wanaotembea chini ya maji. Mzee alikuwa na miezi minane bila usingizi wa maana, na anayemlinda asiyelala naye halali. Kalunde aliona nyumba za mji zikija na kupita bila haraka, jua limetanda juu ya mabati kama asali, na sauti za watu zikimfikia baada ya watu wenyewe kupita.

Mzee Lugusha alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja, akikaza nati na kukagua mataruma yanayobeba vyuma vya njia, akihamishwa stesheni hii hadi ile. Alipostaafu akachukuliwa na mwanawe wa kiume, huko mashambani. Hapo ndipo usingizi ulipomtoroka. Alikonda hata kanzu ikawa kama inatembea peke yake. Daktari alimwambia Kalunde pembeni: "Asipolala, mvua mpya hazitamkuta."

Kalunde akaona dawa ni kimya zaidi. Wiki sita alitafuta nyumba ya kupanga, kila mlango akiuliza swali moja tu. Bwana Farahani, mwenye nyumba, alimjibu bila kupepesa: "Kimya? Binti yangu, hapa hata mjusi huomba ruhusa kabla ya kulia." Alimwonyesha nyumba Ijumaa asubuhi, na kweli Kalunde alisikia moyo wake tu ukidunda. Akafagia, akapaka chokaa, akashona mapazia mazito ya buluu, ili hata mwanga ukiingia uingie kwa kunyata.

Walifika alasiri. Magoha akaanza kufungua kamba.

"Bado," akasema Mzee Lugusha.

"Bado nini, babu? Kitanda hiki hakipiti mlangoni mpaka kibomolewe kigingi kwa kigingi!"

"Sisi wa reli tukifika stesheni ngeni, mizigo ya behewa haishushwi mpaka mtu alalie mkeka ndani ya nyumba. Nyumba haitazamwi kwa macho, mjukuu wangu. Hutazamwa kwa mgongo."

"Haya, babu, itazame kwa mgongo. Mimi nitaitazama kwa tumbo, nikila mihogo pale."

Mzee akaingia chumba cha nyuma, akatandika mkeka sakafuni. Kalunde akakaa kizingitini, ufunguo mkononi. Bwana Farahani akaja kuwakaribisha, tabasamu mbele.

Mara ufunguo ukaanza kulia wenyewe. Kisha kizingiti kikatetemeka. Nyuma ya ukuta kitu kikakohoa, kikashika pumzi, kikaanza kunguruma: du-du-du-du. Chokaa mpya ikapukutika kama unga.

"Nini hicho, Bwana Farahani?"

"Kipi?"

"Hicho kinachotikisa meno yako."

"Aa, hiyo! Mashine ya kusaga, ya jirani. Inasaga kidogo tu."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka... mahindi yaishe."

"Na Ijumaa asubuhi?"

Bwana Farahani akatazama viatu vyake. "Ijumaa asubuhi haisagi."

"Uliniambia mjusi anaomba ruhusa!"

"Aliomba," akasema Magoha, mdomo umejaa mihogo, "akanyimwa."

Kalunde hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Baba yangu anakufa kwa kukosa usingizi, nawe umenipangisha ndani ya ngoma! Magoha, kaza kamba. Tunarudi."

Alijua maana ya kurudi. Akaingia ndani kumwamsha mzee, ingawa hakudhani kwamba kuna wa kuamshwa.

Chumba kilikuwa cha buluu kama kisima. Mkeka ulitetemeka kidogo kidogo, na juu yake Mzee Lugusha amelala ubavu, kiganja kimelazwa sakafuni kama mtu anayempapasa mnyama wake wa zamani. Alikuwa anakoroma. Alikoroma sambamba na mashine, du kwa du.

Kalunde akasimama. Akaikumbuka nyumba ya utotoni kando ya reli, treni ya mizigo ikipita usiku, bilauri zikigongana kabatini, na hakuna aliyegeuka kitandani. Walikuwa wakishtuka siku treni ilipochelewa. Miezi minane alikuwa akimtafutia baba yake kimya, na kimya ndicho kilichokuwa kinamla.

Magoha akachungulia, Bwana Farahani nyuma yake. "Dada, nikaze au nifungue?"

Kalunde akaweka kidole mdomoni. "Fungua," akanong'ona. "Lakini kitanda kingoje nje."

Akaketi, mgongo ukutani, naye akasinzia.

Magoha akatoka, akakaa kwenye ukingo wa mkokoteni, akatikisa kichwa. "Kumbe mkeka hutangulia kitanda," akamwambia Bwana Farahani.

Mzee Lugusha aliamka asubuhi ya pili, akaomba uji. Aliishi miaka tisa zaidi katika nyumba ile. Bwana Farahani aliendelea na uongo wake katika mambo mengine, lakini nyumba alizionyesha alasiri. Mashine ilihamishwa mwaka mmoja baada ya mazishi ya mzee. Kalunde naye akahama, na pazia moja la buluu akaliacha dirishani. Magoha alisukuma mkokoteni mpaka magoti yakakataa, na kila aliyemwita kuhama alimwuliza kwanza kama ameshalala huko anakokwenda. Aliyesema bado, aliambiwa maneno yaleyale: mkeka hutangulia kitanda.