Msimu Ukiisha

Wapendwa, mfano wa leo nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kuutafuta kwenye simu zenu. Nisikilizeni tu.

Kule Marekani kulikuwa na kocha mmoja wa chuo. Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, hakikuweza kuajiri makocha wawili, basi akabebeshwa timu zote mbili. Kabla ya baridi alifundisha ule mpira wao wa kubeba mkononi na kuangushana. Baridi ikiingia, anahamia ukumbini kufundisha mpira wa kikapu. Kikapu kikiisha, anaanza kuandaa vijana wa ule wa kwanza. Msimu mmoja haujaisha vizuri, mwingine umeshabisha hodi. Na alikuwa hodari kweli! Vikombe vilijaa ofisini mpaka vingine vikawekwa sakafuni.

Nyumbani alikuwa na mke, mama mpole asiye na makuu. Aliweka viti viwili barazani, akataka jambo moja tu: mumewe akae naye jioni, wanywe chai, wazungumze.

"Leo utakaa kidogo?"

"Msimu ukiisha, mke wangu. Nitakaa mpaka unichoke."

"Msimu upi? Kwako mmoja ukiisha, mwingine umeanza."

Kocha akacheka, akachukua filimbi yake, akaondoka.

Je, alimdanganya? Hapana! Na hapo ndipo ninapoogopa mimi. Alimpenda mkewe, na alimaanisha kila neno. Lakini mtu mwenye misimu miwili akisema "msimu ukiisha," ameahidi nini?

Tena katika mpira wa kikapu kocha anaruhusiwa kuomba saa isimame. Anaonyesha ishara kwa mikono, mwamuzi anapuliza filimbi, saa inasimama, anaongea na vijana wake. Huyu aliisimamisha saa kwa ajili ya kijana aliyekosea pasi. Kwa ajili ya mkewe hakuwahi.

Miaka ikaenda. Mama yule akaanza kusahau: leo sufuria jikoni, kesho njia ya dukani. Majirani wakamwambia kocha. Akasema, "Nitampeleka hospitali msimu ukiisha."

Hatimaye akastaafu. Wakamwimbia, wakampigia makofi, akarudi nyumbani anatabasamu peke yake garini. Akamkuta mkewe barazani, akavuta kile kiti cha pili.

"Mke wangu, msimu umeisha. Nimekuja kukaa."

Mama akamtazama kwa upole, akaweka mkono juu ya kiti.

"Samahani, mzee. Hapo usikae. Hicho ni kiti cha mume wangu. Ameniambia anakuja msimu ukiisha."

Kocha akainua mikono yake miwili, ile ishara ya kuomba saa isimame. Nani wa kupuliza filimbi?

Na sisi je? Sisi si makocha. Lakini nani humu ndani hajasema, "Nikimaliza nyumba," "Watoto wakimaliza shule," "Mavuno yakipita"? Mama yako kijijini amekuwekea kiti. Mkeo amekuwekea kiti. Mungu naye amekuwekea, kila asubuhi, nawe unampungia mkono ukiwa mlangoni. Unampenda, najua. Kocha naye alipenda.

Kiti kitabaki, wapendwa. Anayekungoja ndiye atakayeondoka, pengine huku bado anapumua. Leo tukimaliza ibada, usipange foleni kunisalimia mimi. Nenda nyumbani ukakae.