Jina la Kiboko Lililojaza Jalada

Paukwa.

Pakawa.

Wino?

Wa mwandishi.

Rangi?

Ya mchoraji.

Na jina kubwa?

La asiye na kazi.

Mmeitikia vizuri, ingawa wengine mmeitikia huku mmeinamia simu. Msellem, wewe uliyekaa mwezi mzima ukichagua herufi za ukurasa wa mbele wa jalada lako la michoro, na mchoro wenyewe hata mmoja hujaumaliza, sogea karibu. Leo nataka unisikie kwa masikio yote mawili.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakiandika na binadamu bado anakwaruza mawe, uliingia ukame. Jua liliwaka waa. Mito ikakauka kau. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kisimani kwa Mfalme Ndovu, na kisima kile kilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na walinzi.

Sasa Ndovu alikuwa amejenga ukumbi mpya, kuta zake nyeupe pe. Akamtuma Kasuku, mpiga mbiu wake, atangaze kila pahali: "Mfalme anatafuta mchoraji wa kuzipamba kuta zake. Anayeitaka kazi alete jalada la michoro yake. Mbele liwe na jina, ndani iwe kazi. Jalada lifungwe kwa kamba ya mgomba aliyoikata mfalme mwenyewe, kila mtu moja, zote urefu mmoja. Kamba isipokutana, jalada halipokelewi. Atakayechaguliwa atakunywa kisimani, yeye na wanawe, mpaka mvua zirudi."

Msidhani mfalme alikuwa mchoyo wa kamba. Alikuwa amechoshwa na wachoraji wanaoleta mizigo ya kubebwa na nyumbu, ukifungua unakuta sifa tupu.

Palikuwa na Sange. Sange mnamjua, yule mnyama mdogo mfano wa panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Pua ile ndiyo ilikuwa brashi yake. Aliichovya kwenye masizi, akachora. Aliichovya kwenye manjano, akachora. Alichora juu ya magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, na kichakani nyuma yake watoto wake walikuwa wamelala ndimi nje kwa kiu. Alichora korongo amesimama mvuani. Alichora nyuki wanahama mzinga. Alichora mama nyani anamtoa mwanawe chawa. Alichora na mingine mingi, na wa mwisho alichora punda milia wanakunywa maji, na mchoro huo ukikauka alikuwa akienda kuulamba, kwa kujidanganya.

Alipomaliza alikusanya michoro yake, akaipanga, akaifunga kwa kamba ya mfalme. Kamba ikakutana sawasawa. Akawa amebakiza ukurasa wa mbele tu.

Du, du, du. Ardhi ikatikisika. Kiboko huyo.

Kiboko hakupiga hodi. Wenye miili mikubwa huona hodi ni kazi ya wenye miili midogo.

"We kidudu, nini hicho?"

"Jalada langu la michoro, Bwana Mkubwa. Nalipeleka kwa mfalme."

"Lilikuwa lako. Sasa ni langu. Bwawa langu limekauka, ngozi inanipasuka, na kile kisima nakitaka chote."

"Lakini Bwana Mkubwa hujui kuchora."

"Kuchora kuna nini? Wewe umechora, mimi naweka jina. Liandike hapo mbele. Ukikataa, naketi juu ya kichaka chako, na waliomo ndani shauri yao."

Sange akakitazama kichaka. Akataka kumeza mate, mate hakuna. Nguvu hakuwa nazo, na kumwomba huruma mtu mwenye shingo ile ni kupigia mbuzi gitaa. Akaitikisa pua yake mara moja, kisha akasema kwa adabu kubwa:

"Sawa, Bwana Mkubwa, jina nitaliandika. Nauliza tu, kwa herufi gani?"

Maskini Kiboko hakuwa anajua kwamba herufi zinachaguliwa. Swali lile likamwingia kichwani, likakuta nafasi tele, likatanda humo kama mwenye nyumba. Na mtu akishaingiwa na swali hilo, jamani, mvua inyeshe au isinyeshe, yeye hayupo tena nasi. Msellem, mbona unatazama chini?

"Zipo namna gani?" akauliza Kiboko.

"Zipo nyingi. Wacha nianze na hizi." Sange akachovya pua kwenye masizi, cho, akaandika KIBOKO kwa herufi nyepesi, zimesimama wima, safi, mtu wa mbali anazisoma. Zikakaa vizuri katikati ya ukurasa. Akafunga jalada, kamba ikakutana.

Kiboko akaangalia. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, kama anavyofanya mtu asiyejua kitu lakini amelipwa kutoa maoni.

"Herufi hizi zinanitosha?"

"Zinatosha, Bwana Mkubwa. Kwa mtu wa kawaida zinatosha."

"Na mimi ni mtu wa kawaida?"

"Hilo sijalisema mimi."

"Basi ongeza."

Sange akachovya pua, cho, akaandika herufi nene, zimevimba mashavu, kila moja na tumbo lake. Na kwa vile ni nene, jina halikuenea ukurasa mmoja. KIBO likakaa wa kwanza, KO likakaa wa pili. Akafunga jalada. Kamba ikavutwa, nyiii, haikukutana.

"Bwana Mkubwa, limezidi. Tupunguze unene?"

"Unene wa nani? Toa mchoro."

Sange akautoa mchoro wa korongo, analia kwi kwi kwi, akauweka chini ya mkeka wake. Kamba ikakutana.

Kiboko akaangalia, akatembea hatua nyuma, akafumba jicho moja.

"Herufi hizi zinanitosha?"

"Zinatosha, Bwana Mkubwa. Ila ni jina moja tu. Hata chura ana jina moja."

"Na mimi ni chura?"

"Hilo sijalisema mimi."

"Basi ongeza. Andika Bwana Mkubwa Kiboko, Mwenye Mto na Matope Yake Yote. Na hizo herufi ziwe na mikia."

"Mikia mingapi?"

"Isiwe na uchoyo."

Sange akachovya pua, cho, cho, cho, akaandika herufi za mikia. Mikia ikapanda juu, ikashuka chini, ikajikunja, ikapitiana, ikazaa mikia mingine. Herufi moja ikajaza ukurasa mzima, na nyingine ukurasa mwingine, mpaka jina likawa bunda. Akafunga jalada. Kamba ikavutwa, nyiii, haikukaribia hata kukutana.

"Toa mchoro."

Sange akautoa wa nyuki, kwi kwi kwi, chini ya mkeka. Kamba, nyiii, bado.

"Toa mwingine."

Akautoa wa mama nyani, kwi kwi kwi, chini ya mkeka. Akatoa na mingine, na mingine. Kilio kikubwa, lakini mngechungulia vizuri mngeona macho makavu. Kamba ikakutana. Ndani ya jalada ukabaki mchoro mmoja, wa punda milia wanakunywa maji.

Kiboko akaangalia jina lake kwa kulifungua ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika katikati alikuwa amesahau lilivyoanza, akarudia tena, akafurahi upya.

"Herufi hizi zinanitosha?"

"Sasa hizi, Bwana Mkubwa, zinakutosha hasa. Tatizo ni kwamba hazina kivuli."

"Kivuli?"

"Kila kitu kikubwa kina kivuli. Ndovu akisimama ana kivuli. Herufi zako zimesimama hivihivi, kama hazijapigwa na jua."

Kiboko akachukia sana kusikia habari za kivuli cha Ndovu. "Zitie kivuli," akasema.

"Nitazitia. Ila kivuli cha mtu mkubwa hakibanani ukurasa mmoja na mwenyewe. Kila herufi itataka ukurasa wa pili, wa kivuli chake. Na tukifanya hivyo, kamba haitafika mpaka tuutoe na huu mchoro wa mwisho. Nakuomba, Bwana Mkubwa, huu uniachie. Punda milia hawa ndio roho ya kazi. Bora tupunguze mikia."

Hapo Kiboko akacheka, akamwonea huruma Sange, kwa namna wajinga wanavyowaonea huruma wanaojua.

"Kidudu, wewe ni fundi wa pua tu, mambo ya wakubwa huyajui. Nani anafika ndani? Watu wanatazama mbele. Mbele pakipendeza, ndani weka hata makapi. Toa punda."

Sange akawatoa punda. Kwi kwi kwi, chini ya mkeka. Akaandika vivuli vyote, cho, cho, cho, mpaka masizi yakamwisha. Kamba ikakutana barabara. Kiboko akalibeba jalada kichwani, akaenda zake, du, du, du.

Sange akainua mkeka. Michoro yake yote ilikuwa pale, hakuna hata mmoja uliokunjika. Akajitengenezea kamba? Hapana, mfalme hadanganywi kwa kamba. Alikwenda kwa Kasuku, akamweleza kuwa ile ya kwanza imechukuliwa na mwenye nguvu, na Kasuku, aliyewahi kukaliwa mkia na Kiboko, akampa nyingine aliyoikata mfalme. Sange akaandika SANGE kwa herufi nyepesi, zimesimama wima. Hakukaa kuzitazama, kwa sababu watoto walikuwa na kiu.

Siku ya siku ikafika. Wanyama wakajaa ukumbini, midomo imekauka. Kiboko akajisukuma mbele ya wote, akatupa jalada lake miguuni kwa mfalme, puu. Ndovu akafungua kamba kwa mkonga. Kasuku akasogea asome.

Ukurasa wa kwanza. Kasuku akageuza kichwa. "Mfalme, naona mizizi ya mkwaju."

"Ni herufi hiyo," akasema Kiboko.

Ukurasa wa pili, mweusi ti. "Na huu?"

"Kivuli chake."

Ndovu akafunua, fwa. Mizizi. Akafunua, fwa. Giza. Fwa, mizizi. Fwa, giza. Nyumbu mmoja akasinzia, akaamshwa, akasinzia tena. Ndovu akafunua mpaka ukurasa wa mwisho, akaugeuza, akatazama nyuma yake, akalitikisa jalada aone kama kuna kitu kitadondoka. Hakikudondoka kitu.

"Jina nimeliona," akasema Ndovu. "Na kivuli chake nimekiona. Kazi iko wapi?"

"Huo ndio ukurasa wa mbele, mfalme."

"Wa mbele ya nini?"

Kiboko akatazama kucha zake. Ndovu akalisukuma jalada kando, akaita linalofuata. Sange akaja, haonekani kwa udogo, linaonekana jalada linatembea. Kasuku akasoma "Sange" bila kukohoa. Ndovu akafunua. Korongo mvuani. Nyuki wanahama. Mama nyani na mwanawe, na nyani wote waliokuwepo wakaanza kujikuna. Kisha punda milia wanakunywa maji, na hapakuwa na mnyama ukumbini asiyelamba midomo yake.

Kiboko akaruka. "Hiyo michoro ni yangu. Ilikuwa ndani ya jalada langu."

"Ilikuwamo?" akauliza Ndovu.

"Ilikuwamo yote."

"Aliyeitoa nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini?"

Kiboko akafikiri. Akawatazama wanyama, akamtazama Sange, akaitazama dari. Ukweli ukamtoka kabla hajauzuia.

"Ilikuwa inalibana jina."

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa. Walicheka midomo iliyokauka ikapasuka, wakaendelea kucheka. Nyumbu akaamka, akaelezwa, akacheka peke yake wengine walipokwisha kucheka.

Mlango wa kisima ukafunguliwa kwa Sange na wanawe, wakanywa siku hiyo na siku zote mpaka mvua ziliporudi. Na zile kurasa za Kiboko mfalme hakuzitupa. Magome mazuri hayatupwi. Aliezekea choo cha walinzi, na wanasema choo kile hakikuvuja, maana jina lilikuwa zito. Kiboko alirudi kwenye bwawa lake la vumbi, akawa analitamka jina lake lote polepole, na mpaka leo mkimwona amepanua kinywa muda mrefu hivyo, msidhani anapiga miayo. Bado hajafika kwenye matope.

Hadithi yangu imekaa kitako hapo. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, temeni, lakini msiniletee mimi.

Na funzo lake, wanangu, liko wazi hata kwa aliyesinzia. Msichore. Kuchora kunachafua pua na kunachosha mgongo. Chagueni herufi. Chagueni nene, chagueni za mikia, zitieni vivuli, waulizeni rafiki zenu ipi nzuri, kisha rudini mwanzo mchague tena. Kazi ikilibana jina, itoeni kazi. Na mkishikwa na kiu, lisomeni jina.