Sumu ya Bunju na Milango ya Chumvi

Hapo kale mji wa Zahrani ulitawaliwa na Sultani Mundhiri, na mwanawe Ghalibu alikuwa mbishi kupita kiasi. Siku moja akawaapia mawaziri kwamba bunju ni samaki kama wengine wala hana sumu, akala ini lake kwa ndimu, na kabla kahawa haijaletwa midomo ikamfa ganzi, viungo vikalegea, na pumzi ikawa haionekani. Mganga wa kasri akatikisa kichwa, Sultani akaamuru jeneza, na waziri mmoja akaanza kumwulizia farasi wa marehemu.

Thureya, mchumba wake na binti ami yake, hakuweza kukaa wala kusimama. Akaisugua pete aliyoachiwa na bibi yake, na Harjafu, jini wa upepo, akatokea.

"Labeka, bibi yangu!"

"Nitie mwilini mwa Ghalibu nijue kama yu hai. Upesi!"

Akafanywa mdogo kuliko punje ya mtama, akajiona kando ya uzi mrefu utokao kichwani kwenda kifuani, na ukuta wake umejaa vilango.

"Huu ni mshipa wa fahamu," Harjafu akasema. "Kichwa kikiamuru, mlango wa kwanza hufunguka, chumvi ya nje ikaingia kwa kishindo, na huo ndio umeme, nao huufungua mlango wa pili, na wa pili wa tatu, hata mwisho wa uzi. Hapo pana ufa. Umeme hauruki, uzi humwaga dawa yake ng'ambo, na msuli ukaitika."

Lakini kila mlango ulikuwa na kizibo, nacho ni sumu ya bunju, na chumvi ilikuwa ikisukumana nje bila kuingia. Kule juu amri zilizidi kutolewa: Inuka! Sema! Mtoto wa Sultani aliamuru wala hakutiiwa, na Thureya akalia kwa huruma. Akanyoosha mkono ang'oe kizibo.

"Utavunja na mlango! Sumu hutoka yenyewe ikipewa muda. Ila kifua hakitangoja bila pumzi."

"Wewe si upepo? Mpulizie."

"Mimi, mng'oa minazi, nipulize kama awashaye jiko?"

"Hivyo hivyo, na usizidishe."

Thureya aliporudia ukubwa wake, waosha maiti walikuwa mlangoni. Akajitupa juu ya Ghalibu kitandani.

"Binti yangu," Sultani akasema kwa uchungu, "maiti hacheleweshwi."

"Kweli, ami yangu, lakini aliye hai haharakishwi. Nipe mpaka alasiri."

Akapewa. Akaenda dirishani, akarudi, akamfinya kidole cha mguu, akaenda tena, na Harjafu akipuliza huku akinung'unika. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Wachukuzi wakamwinua Ghalibu, na kidole chake kikashika shuka. Thureya akapiga kelele hata wakamwachia kitandani.

Jua lilipotua midomo ikafunguka. "Nimesikia yote," akasema. "Waziri, farasi wangu hukumpata."

Wakaoana, Thureya akapewa nusu ya hazina, na Harjafu akaachiwa huru, akaenda zake bila kuaga. Na tangu siku hiyo, katika mji wa Zahrani, asiyejibu huitwa tena.