Randa ya Sekiete Siku Ndiva Ilipofumuka

"Randa iliyokabwa haiponi kwa kusukumwa." Mmeisikia asubuhi kwa shangazi yenu, nanyi mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Upare.

Palikuwa na fundi seremala aliyeitwa Sekiete. Nyumba yake ilikuwa chini ya ndiva, lile bwawa la udongo la kumwagilia mashamba. Maji ya ndiva yalizuiwa na mlango mmoja wa mbao, uliopanda na kushuka katika mifuo miwili ya mawe. Mwaka huo mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, gogo lililoletwa na mafuriko likaupasua mlango ule.

Maji yakafumuka kuelekea kwa Sekiete. Ndani ya nyumba alikuwamo mkewe, Namkunda, aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga alikataa asibebwe. Mtoto alikuwa njiani.

Sekiete alikuwa na mlango wa akiba, lakini kingo zake zilikuwa nene kidogo, zikakataa kuingia mifuoni. Akapiga magoti juu ya ukuta wa ndiva na randa yake nyembamba, ile ya kuchonga pembeni pasipofikiwa na randa pana. Mkupuo wa kwanza ulikwenda. Wa pili, maranda yakajazana kinywani mwa randa. Akayachokoa kwa ukucha, akasukuma tena. Yakakaba. Akasukuma kwa nguvu zote. Randa ikaruka, ikamchana kidole gumba.

"Sukuma, shemeji!" alifoka Mbonea, kaka yake Namkunda. "Dada yangu atakufa maji!"

Sekiete alitazama chini. Maji yalikuwa yamekwisha kuilaza migomba, sasa yanalamba zizi la mbuzi. Alitamani aitupe randa akimbilie nyumbani. Badala yake akaketi kitako, akachukua nyundo, akaigonga kabari inayokibana kisu cha randa mpaka ikatoka.

Mbonea akamkamata ukosi wa shati. "Unafanya nini?"

"Naifungua."

"Sasa hivi? Una wazimu?"

"Mikono yangu inaogopa, shemeji. Niache niitulize, la sivyo tutazika wawili."

Mbonea akamwachia.

Sekiete akaigeuza kabari. Ncha yake, inayopaswa kulala sawasawa juu ya kisu na kuyatupa maranda ubavuni, ilikuwa imemeguka. Palibaki upenyo mwembamba kama unywele, na humo ndimo maranda yalimoingia yakashindiliana. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kuichonga ncha ile kidogo kidogo. Akaijaribu. Upenyo bado upo. Akachonga tena.

Ukelele ukapanda kutoka nyumbani. Hakujua kama ni wa uchungu au wa maji. Macho hakuyainua.

Akaijaribu mara ya tatu. Ikalala. Akairudisha kabari, akaigonga, akasukuma taratibu. Maranda yakachomoza ubavuni, yakajiviringa, yakadondoka. Akamaliza ukingo mmoja, akamaliza wa pili. Wanaume sita wakauinua mlango, wakauteremsha mifuoni, wakaushindilia kwa mawe. Mngurumo ukakatika.

Sekiete alishuka mbio, akianguka na kuinuka. Ukuta wa jiko ulikuwa umekwenda na maji. Chumbani maji yalimfika magotini. Akaogopa kuita. Ndipo akamwona mkunga amesimama juu ya kitanda, na nyuma yake Namkunda, amekumbatia kitoto kilichofungwa kwenye kanga, kikilia.

"Mbona umechelewa?" Namkunda aliuliza kwa sauti ndogo.

Mbonea, aliyemfuata Sekiete nyuma, ndiye aliyejibu, ameshikilia mwimo wa mlango huku akilia waziwazi mbele ya wanawake:

"Usimlaumu, dada. Mimi nilimwambia asukume tu. Kumbe randa iliyokabwa haiponi kwa kusukumwa."