Mficha Ufa Hukataa Maji

"Mficha ufa hukataa maji."

Bibi Nampombe aliyasema maneno hayo jikoni kwa wafiwa, baada ya mtu mmoja kuja kunadi pikipiki yake na kukataa katakata isijaribiwe mlimani. Vijana waliokuwa wakimenya viazi walicheka, kisha wakamwuliza maji na pikipiki vinahusianaje. Bibi hakuacha kuchambua mchele.

"Pikipiki imepita njia tu," akasema. "Methali hii ilianza hivi."

Huku kwetu Upareni, katika mji mdogo wa soko chini ya mlima, kulikuwa na ukoo wa vinyozi. Mkubwa wao alikuwa mzee Senkondo. Alinyoa kwa wembe wa kukunja, na wembe huo aliunoa kwa kinoo cha kijivu alichorithi kwa baba yake. Mashine za umeme zilipokuja hakuzigombeza, lakini kwenye msiba hazikuguswa. Kichwa cha mfiwa kilinyolewa kwa wembe, polepole, na kinyozi hakuruhusiwa kutoa hata tone la damu. Walisema mfiwa ameshavuja vya kutosha.

Nakijwa, binti yake wa pekee, alifanya kazi naye tangu alipomaliza sekondari. Senkondo alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, mdogo wake Kiangi aliingia kibandani, akakichukua kinoo na kukitia mfukoni mwa koti.

"Jiwe la ukoo halishikwi na mwanamke," alisema. "Siku ya kuanua matanga, shemeji nitamnyoa mimi."

Nakijwa alielewa maana yake. Desturi ya ukoo ule ilikuwa kwamba anayemnyoa mjane ndiye anayerithi kiti cha marehemu.

"Jiwe chukua, baba mdogo," akajibu. "Kiti sikupi."

Matanga yangeanuliwa baada ya mavuno, ndugu wa mbali wakishafika. Nakijwa alikuwa na nyembe za baba yake, lakini hakuwa na pa kuzinolea. Vinoo vya dukani vilikuwa vya mapanga na visu vya jikoni. Wembe ukipita hapo hutoka na meno kama msumeno. Jiwe laini la wembe hutoka ardhini, na machimbo mengi ya mawe hayo yalishafungwa zamani. Yaliyobaki yamo mikononi mwa watu, na huko ng'ambo watu hao huyauza kwenye minada ya mtandaoni. Basi akaingia mnadani kwa simu yake, humo humo kibandani, wateja wakimtazama.

"Milima yote hii ya Upare," alisema Elisante, mteja wake wa siku zote, povu la sabuni likiwa shavuni, "wewe unanunua jiwe kwenye simu?"

"Ng'ombe nao wamejaa, mbona wewe unanunua viatu?"

Kibanda kizima kilicheka, na Elisante akacheka kuliko wote.

Jiwe la kwanza alilolitamani lilisifiwa kama bibi harusi. Lilikuwa jeusi, linang'aa, limelazwa juu ya kitambaa chekundu. Muuzaji aliandika habari ndefu za machimbo yake na wakubwa walionyolewa kwa nyembe zilizonolewa juu yake. Watu wa nchi mbalimbali walikuwa wakipandishiana dau. Nakijwa akakumbuka jinsi baba yake alivyokuwa akilikagua jiwe: alilimwagia maji, akalingoja likauke. Jiwe zima hukauka uso wote pamoja. Lenye ufa hukauka likabakiza mstari mweusi, kwa kuwa ufa umekunywa maji. Ufa ukipita pale wembe unaposugulia, utamega makali ya wembe, na pengo hilo litachana ngozi ya mtu.

Akamwandikia muuzaji kwa Kiingereza chake cha shule: tafadhali, limwagie maji, ulipige picha likianza kukauka.

Jibu lilikuja na hasira. Jiwe kama hili halijaribiwi. Wengine wanalitaka hivi hivi. Kama huna imani, nenda kanunue tofali.

"Panda dau, dada!" Elisante alipiga kelele kama yuko uwanjani. "Muda unaisha! Watakupora!"

"Wacha wapore. Sinunui kitambaa chekundu."

Mnada ukafungwa, jiwe likaenda kwa mwingine. Habari ilipomfikia Kiangi alicheka sokoni mpaka akashika mbavu. "Maji yake yamempa nini? Anabaki na wembe butu!"

Nakijwa hakuacha. Kila jiwe aliloliona aliliombea maji. Wengi walinyamaza, wengine walimtukana. Mwishowe akampata mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza zana za marehemu mumewe. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo, limeliwa katikati, ndani ya kisanduku kisicho na mfuniko. Sifa hazikuwepo. Alipoombwa maji, yule mama alilichovya kwenye beseni la vyombo na kutuma picha. Pembeni kabisa, kwenye kona, palionekana mstari mwembamba. Chini yake mama aliandika: Ufa upo hapa. Mume wangu aliukwepa maisha yake yote.

Nakijwa akataja dau lake, na hakuna aliyelizidi.

Siku ya kuanua matanga uwanja ulijaa. Mama yake Nakijwa alikaa kwenye kigoda, kitenge mabegani. Kiangi akasimama, akatoa kinoo cha kijivu. Kilikuwa kimepakwa mafuta ya nazi, kinang'aa kama kiatu cha Krismasi.

"Nasikia binti yetu ameagiza jiwe ng'ambo," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Tena lenye ufa! Jamani, mnaliona jambo hili? Mtu ananunua ufa kwa macho yake!"

Watu wakaguna. Nakijwa akasogea mbele, jiwe mkononi.

"Lina ufa, baba mdogo. Uko hapa, kwenye kona. Naujua kama ninavyolijua jino langu bovu. Situmii upande huo." Akalimwagia maji mbele yao, akalishikilia juani. Jiwe likakauka, mstari ukabaki, kila mtu akauona. Kisha akamsogezea Kiangi kopo la maji. "Sasa na chako."

"Nini?"

"Mwaga. Hiki kinakwenda kwenye kichwa cha mama yangu."

"Kinoo cha baba yangu kijaribiwe kama mtungi wa sokoni?"

"Shemeji," mama akasema kutoka kigodani, "ni maji tu. Si sumu."

"Wewe una msiba, nyamaza!" Kiangi akafoka, akakirudisha kinoo mfukoni. "Jiwe la ukoo halijaribiwi!"

Mama akainuka. Akakichukua kigoda chake mwenyewe, akauvuka uwanja, akakiweka mbele ya binti yake.

"Aliyekufa ni mume wangu, na kichwa ni changu," akasema. "Ninyoe, Nakijwa."

Mzee mmoja akaanza kunena habari za desturi, lakini hakuna aliyemgeukia. Nakijwa akanoa, akiukwepa ufa. Akaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, akaanzia kwenye paji la uso. Alipomaliza, mama alipitisha kitambaa cheupe kichwani, akakitandaza mbele ya ukoo mzima. Hakikuwa na doa.

"Na kile cha Kiangi, Bibi?" kijana mmoja akauliza, kiazi kikiwa mkononi. "Kilikuwa na ufa kweli?"

"Hakuna ajuaye. Labda kilikuwa kizima. Angemwaga maji kidogo tu, angetunyamazisha sote na kiti kingekuwa chake. Aliondoka nacho kikavu, na sisi tuliokuwa uwanjani tukamsindikiza kwa maneno."

"Maneno gani?"

"Mficha ufa hukataa maji."